Kukuza Akiba kwa Kununua Vipande Kila Mwezi: Mwongozo Kamili

Mtu anayeweka 10,000 kila mwezi katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaokua kwa asilimia 8 kwa mwaka atafunga mwaka wa kwanza akiwa ameweka 120,000 na kupata faida isiyofika 4,500. Faida hiyo haifiki hata nusu ya mchango wa mwezi mmoja, na si ajabu kwamba wengi huitazama, wakacheka kidogo, kisha wakaziondoa fedha zao. Mtu huyohuyo akivumilia hadi mwaka wa 10, faida ya mwaka huo peke yake itakaribia 135,000, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza faida ya mwaka itaupita mchango wake wa mwaka. Atakuwa ameweka jumla ya 1,200,000, na akaunti yake itasoma takriban 1,829,000. Akiendelea hivyo hadi mwaka wa 20, atakuwa ameweka 2,400,000 na kumiliki karibu 5,890,000.

Tarakimu hizi hazina jina la fedha kwa makusudi, kwa sababu hesabu ni ileile kwa fedha yoyote. Tena zinadhania ukuaji ulio sawa kila mwezi, jambo ambalo soko halilifanyi. Hata hivyo zinaonyesha umbo la safari: miaka ya mwanzo akiba inakuzwa na mchango wako, na miaka ya baadaye inajikuza yenyewe. Njia rahisi ya kukadiria mwaka wa kupokezana, yaani mwaka ambao faida inaanza kuupita mchango, ni kugawa 72 kwa kiwango cha faida cha mwaka. Kwa asilimia 8 unapata miaka 9, kwa asilimia 6 unapata miaka 12, na kwa asilimia 12 unapata miaka 6. Kanuni hiyo kwa kawaida hutumika kukadiria muda ambao fedha iliyowekwa kwa mkupuo inachukua kuwa maradufu, lakini kwa anayechangia kila mwezi inaonyesha pia ni lini faida itaanza kuvuta mzigo kuliko yeye. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu namna ya kufika mwaka huo bila kuuvunja mpango njiani.

Fedha yako inakaa wapi

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi na kuzinunulia hisa, hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni), dhamana za serikali za muda mfupi au amana za benki. Mali hizo hugawanywa katika vipande vilivyo sawa, na kila mwekezaji humiliki idadi ya vipande inayolingana na fedha aliyoleta. Mwisho wa siku ya kazi, thamani ya mali zote hujumlishwa, madeni na gharama za mfuko huondolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya vipande vyote. Jibu linalopatikana ndilo thamani halisi ya kipande kwa siku hiyo. Mfuko wa aina hii, ulio wazi kupokea na kurudisha fedha wakati wowote, si jambo geni: Massachusetts Investors Trust ulianza hivyo mjini Boston mwaka 1924, na namna ya kupiga hesabu haijabadilika sana tangu hapo.

Kuna pande mbili ambazo mwekezaji anapaswa kuzitofautisha mapema. Meneja wa mfuko huamua nini kinunuliwe na nini kiuzwe. Mtunzaji wa mali, ambaye mara nyingi ni benki, ndiye anayeshika hizo hisa na hatifungani pamoja na fedha taslimu. Katika mpango uliosimama vizuri, meneja hutoa maagizo bila kushika fedha. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye usalama.

Hatua ya kwanza: safisha njia kabla ya kununua

Usianze kununua vipande ukiwa na deni lenye riba kubwa. Mkopo unaotoza asilimia 20 kwa mwaka unakula kwa kasi kuliko mfuko wowote wa kawaida unavyoweza kuzalisha, na kuulipa ndiyo faida ya uhakika kuliko zote. Kisha weka pembeni fedha ya dharura inayotosha matumizi ya lazima ya miezi mitatu hadi sita, mahali unapoweza kuichukua ndani ya siku moja au mbili. Fedha hiyo ndiyo ngao ya mpango mzima, kwa kuwa ugonjwa au kukosa kazi havitakulazimisha kuuza vipande siku ambayo bei imeanguka.

Baada ya hapo, andika lengo lako kwa sentensi moja yenye mwaka ndani yake. “Nataka kuwekeza” si lengo. “Nataka kiasi cha kulipia masomo ya mtoto yanayoanza baada ya miaka saba” ni lengo, kwa sababu linakuambia muda, na muda ndio utakaochagua aina ya mfuko.

Hatua ya pili: acha muda ukuchagulie mfuko

Mifuko ya soko la fedha, ambayo sehemu nyingine huitwa mifuko ya ukwasi, huweka fedha katika amana na dhamana za muda mfupi. Bei yake huyumba kidogo sana, na inafaa kwa lengo lisilozidi miaka miwili au mitatu, au kwa fedha ya dharura yenyewe. Hata hivyo, usiichukulie kuwa ni sanduku la chuma. Mwaka 2008 mfuko mmoja mkubwa wa Marekani wa aina hii, Reserve Primary Fund, ulikuwa umeikopesha benki ya Lehman Brothers. Benki hiyo ilipofilisika tarehe 15 Septemba, siku iliyofuata kipande kilichotakiwa kubaki dola 1 kilishuka hadi senti 97, na wawekezaji waliokimbilia kutoa fedha zao wakawekwa kusubiri.

Mifuko ya hatifungani hukopesha serikali na kampuni kwa miaka kadhaa. Hutoa mapato mazuri zaidi, lakini bei yake hushuka pale riba za soko zinapopanda, kwani hatifungani ya zamani yenye riba ndogo hupoteza mvuto mbele ya mpya yenye riba kubwa. Muda unaoifaa ni miaka mitatu hadi mitano au zaidi. Mifuko ya mchanganyiko huunganisha hatifungani na hisa, na humfaa mwenye lengo la miaka mitano hadi minane ambaye hataki kusimamia mifuko miwili kwa mkono.

Mifuko ya hisa ndiyo yenye nafasi kubwa ya kukua na ndiyo inayotisha zaidi. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 faharisi (kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja) ya S&P 500 ya Marekani ilishuka kwa takriban asilimia 57, na ilichukua hadi mwaka 2013 kurudi juu ya kilele chake cha awali. Mwaka 2020 faharisi hiyohiyo ilianguka kwa karibu asilimia 34 ndani ya wiki tano, kisha ikarejea pale ilipokuwa kabla ya mwisho wa Agosti. Mfano mgumu kuliko yote ni wa Japani: faharisi ya Nikkei 225 ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukivuka tena hadi Februari 2024, yaani zaidi ya miaka 34. Kwa hiyo fedha unayoihitaji ndani ya miaka mitano isiwe kwenye hisa kwa wingi, na hata fedha ya miaka 20 isiwe yote katika soko la nchi moja, ikiwa sheria za kwenu zinakuruhusu kununua mfuko wenye hisa za nchi mbalimbali.

Kwa anayeanza, mfuko mmoja unatosha, na miwili ni mingi. Nimewaona watu wenye mchango mdogo wa mwezi walioutawanya katika mifuko sita ambayo, ukiisoma kwa makini, yote inamiliki kampuni zilezile kumi. Huko si kutawanya hatari, ni kuongeza makaratasi.

Hatua ya tatu: soma waraka wa toleo, ukianzia kwenye ada

Kila mfuko uliosajiliwa una waraka wa toleo unaoeleza malengo yake, mali unazoruhusiwa kununua, hatari zake na gharama zake. Kwa kawaida ni mrefu na umeandikwa kwa lugha ya kuchosha. Ukikosa subira ya kuusoma wote, nenda moja kwa moja kwenye sura ya ada, kwa kuwa hapo ndipo kuna kitu pekee katika biashara hii unachoweza kukijua kwa hakika kabla ya kuanza. Faida ya mwaka ujao hakuna anayeijua, wakati ada imeandikwa.

Tafuta ada nne. Ya kwanza ni ada ya kuingia, inayokatwa katika kila mchango kabla haujanunua vipande. Ya pili ni ada ya usimamizi ya kila mwaka, ambayo hutolewa kidogokidogo kila siku ndani ya thamani ya kipande, na hivyo haitaonekana kamwe kwenye taarifa yako kama makato. Ya tatu ni gharama nyingine za mfuko, zikiwemo za mtunzaji wa mali, ukaguzi na uchapishaji, ambazo mara nyingi hujumlishwa na ada ya usimamizi kuwa kiwango kimoja cha gharama kwa mwaka. Kiwango hicho cha jumla ndicho unachopaswa kukilinganisha kati ya mfuko na mfuko. Ya nne ni tozo ya kujitoa, ambayo mifuko mingi huitoza tu ukiuza kabla ya muda fulani, na mingine haiitozi kabisa.

Asilimia 2 kwa mwaka husikika kama kitu kidogo. Rudi kwenye mfano wetu wa 10,000 kwa mwezi: mfuko unaobakiza asilimia 8 baada ya gharama unafikisha takriban 5,890,000 katika miaka 20, na mfuko wenye mali zilezile lakini unaotoza asilimia 2 zaidi, ukabakiza 6, unafikisha takriban 4,620,000. Tofauti ni 1,270,000, nayo ni zaidi ya theluthi moja ya faida yote ambayo mwekezaji angeipata. Hakuna wizi uliofanyika hapo, kila kitu kimo kwenye waraka. Ndiyo hoja aliyoisimamia Mmarekani John Bogle alipoanzisha mwaka 1976 mfuko wa kwanza wa faharisi kwa wawekezaji wa kawaida, mfuko usiojaribu kulishinda soko bali kulifuata kwa gharama ndogo. Wauzaji walikusudia kukusanya dola milioni 150, wakaambulia takriban milioni 11, na wengi wakauita upuuzi. Leo mifuko ya aina hiyo ni miongoni mwa mikubwa kuliko yote duniani. Kama kwenye soko lenu kuna mfuko wa faharisi wenye gharama ndogo, uuweke wa kwanza kwenye orodha yako. Kama haupo, linganisha mifuko ya aina moja, uchague wenye gharama za chini miongoni mwa ile yenye historia ya kueleweka.

Kuhusu historia ya faida, itazame kwa miaka mitano au kumi na si kwa mwaka mmoja, na uilinganishe na kigezo ambacho mfuko wenyewe umejiwekea. Tangazo linalosema “asilimia 19 mwaka jana” halijakuambia kitu kama soko lote lilipanda kwa asilimia 25.

Hatua ya nne: hakikisha kwamba mfuko upo kweli

Nenda wewe mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji katika nchi yako, utafute jina la meneja na jina la mfuko. Usifuate kiunganishi ulichotumiwa na anayekushawishi. Andika anwani ya mamlaka kwa mkono wako. Kisha tafuta kwenye waraka jina la mtunzaji wa mali, na uhakikishe kwamba ni taasisi tofauti na meneja. Bernard Madoff, meneja wa fedha aliyekamatwa mjini New York Desemba 2008, aliweza kuwahadaa wateja wake kwa miaka mingi kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyokuwa ikiamua, ikishika mali na kutoa taarifa, bila mtu wa nje wa kuthibitisha kwamba mali zenyewe zipo. Wateja wengi walivutiwa si na faida kubwa kupita kiasi, bali na faida tulivu isiyoyumba mwezi hata mwezi. Faida ya soko inayumba, na asiyekuonyesha mwezi mbaya hata mmoja kwa miaka kumi anakuonyesha karatasi.

Dalili nyingine ni rahisi kuzitambua: ahadi ya faida maalumu kila mwezi, kamisheni ya kuleta watu wengine, haraka ya kutaka uamue leo, na maelekezo ya kutuma fedha kwenye namba au akaunti ya mtu binafsi. Fedha ya mfuko hutumwa kwenye akaunti yenye jina la mfuko.

Hatua ya tano: fungua akaunti na upange malipo yajiendeshe

Kufungua akaunti si kazi ngumu. Utatakiwa kutoa kitambulisho, uthibitisho wa makazi, namba ya mlipakodi pale inapohitajika, na maelezo ya akaunti ya benki au ya simu ambayo fedha zako zitarudishwa siku utakapouza. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kwani tofauti ndogo ya majina hukaa kimya kwa miaka na kuibuka siku ya kutoa fedha. Jaza pia sehemu ya mnufaika au mrithi. Wengi huiruka, na familia zao hulipia uzembe huo kwa miezi ya kuzungushwa.

Utaulizwa kama unataka gawio, yaani sehemu ya faida ambayo mfuko huwagawia wawekezaji, lilipwe mkononi au liwekezwe tena. Kwa anayekuza akiba, jibu ni kuwekeza tena. Hesabu zote zilizo mwanzoni mwa mwongozo huu zinadhania kwamba hakuna faida iliyochomolewa njiani, na anayechukua gawio lake kila mwaka hataufikia mwaka wa kupokezana kwa wakati uleule.

Kisha weka agizo la kudumu benki, au mpangilio wa malipo ya kujirudia kwenye simu, litakalotuma mchango siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Kwa mwenye kipato kisicho cha mwezi, panga kiwango cha chini kitakachotoka kila mwezi hata katika msimu mbaya, na uongeze kwa mkono biashara inapokuwa nzuri. Nasisitiza malipo yajiendeshe kwa sababu uamuzi unaofanywa mara moja ni mwepesi kuliko uamuzi unaorudiwa mara 120, na miaka kumi ni miezi 120 ya kujiuliza kama mwezi huu tuache kwanza.

Angalizo dogo kutokana na kosa langu mwenyewe: katika malipo ya kwanza, andika namba yako ya mwekezaji katika sehemu ya kumbukumbu ya muamala. Mimi niliandika jina tu, na fedha ikakaa zaidi ya wiki mbili kwenye akaunti ya mfuko ikiwa haina mwenyewe, hadi nilipopeleka risiti. Tangu hapo nimejifunza kutuma mchango wa kwanza ulio mdogo, nikasubiri uonekane kama vipande, ndipo niweke agizo la kudumu.

Hatua ya sita: jifunze kusoma mstari mmoja wa taarifa

Taarifa ya akaunti hutisha kwa wingi wa namba, ilhali ukiuelewa mstari mmoja umeielewa yote. Tuseme mstari unasema hivi: tarehe, kununua, kiasi 10,000, bei 128.00, vipande 77.34, jumla ya vipande 1,502.18. Chukua kikokotoo ugawe 10,000 kwa 128. Jibu ni 78.125, wala si 77.34. Vipande 0.78 vimekwenda wapi? Zidisha 77.34 kwa 128 utapata takriban 9,900, na hapo unagundua kwamba asilimia 1 ya mchango, yaani 100, imekatwa kama ada ya kuingia kabla ya ununuzi. Kama waraka wa toleo unasema ada ya kuingia ni asilimia 1, mambo ni shwari. Kama unasema hakuna ada ya kuingia, una swali halali la kuuliza kwa barua.

Zingatia pia tarehe ya bei. Mifuko mingi huwa na saa ya mwisho ya kupokea fedha. Ikipokelewa baada ya saa hiyo utauziwa kwa bei ya siku ya kazi inayofuata, na pia kuna mifuko inayotangaza bei mbili, ya kuuzia wawekezaji na ya kununulia kutoka kwao. Ili kujua thamani ya akiba yako leo, zidisha jumla ya vipande kwa bei ambayo mfuko unanunulia, kwa kuwa ndiyo utakayoipata ukiuza.

Ukaguzi huu ufanye mara mbili kwa mwaka, na si kila siku. Anayefungua programu ya simu kila asubuhi kuangalia bei hajui zaidi ya anayeangalia mwezi Juni na Desemba, ila ana nafasi nyingi zaidi za kuogopa.

Hatua ya saba: bei inaposhuka, fanya hesabu kabla ya kufanya uamuzi

Chukua miezi minne ambayo bei ya kipande ni 100, kisha 80, kisha 50, kisha 80. Kwa mchango wa 10,000 kila mwezi, na tukiacha ada pembeni, utanunua vipande 100, kisha 125, kisha 200, kisha 125, jumla vipande 550. Umetoa 40,000. Kwa bei ya 80, vipande vyako vina thamani ya 44,000. Bei ya kipande bado iko chini kwa asilimia 20 kuliko siku uliyoanza, nawe una faida ya asilimia 10. Sababu ni mwezi wa tatu, ule ambao kila mtu alikuwa akishauri uache, kwani ndio uliokupa vipande vingi kuliko miezi mingine. Aliyesimamisha malipo mwezi huo akarudi wa nne ana vipande 350 kwa 30,000, vyenye thamani ya 28,000, yaani yuko kwenye hasara.

Haya ndiyo manufaa ya kununua kwa wastani, yaani kwa kiasi kilekile kila mwezi bila kujali bei, lakini wauzaji wa mifuko huyasifia kupita kiasi, na ni haki kusema mipaka yake. Kwanza, katika soko linalopanda mfululizo, aliyeingiza fedha zake zote siku ya kwanza atakuzidi. Pili, kama mfuko wenyewe ni mbovu na bei yake haitapanda tena, kununua kwa wastani ni kuzama kwa awamu. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, kinga hii inafanya kazi miaka ya mwanzo tu. Katika mwaka wa kwanza mchango wa mwezi ni sehemu kubwa ya akiba yote, hivyo mporomoko ni nafasi ya kununua. Katika mwaka wa 10 una 1,829,000, na mchango wa 10,000 ni tone. Bei ikianguka kwa asilimia 30 unapoteza karibu 549,000 kwenye karatasi, na vipande vya bei rahisi utakavyonunua mwezi huo havitalifukia shimo hilo.

Hatua ya nane: ongeza mchango, la sivyo mfumuko wa bei utaupunguza kimyakimya

Kama bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, ile 1,829,000 ya mwaka wa 10 itanunua kiasi ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban 1,123,000. Usivunjike moyo mapema, maana ile 1,200,000 kama ingekaa kwenye kibubu ingekuwa na nguvu ya takriban 737,000 tu. Lakini ni wazi kwamba mchango usiobadilika kwa miaka kumi ni mchango unaopungua kila mwaka.

Dawa yake ni kupandisha mchango mara moja kwa mwaka, katika mwezi uleule, kwa asilimia uliyoiamua mapema. Ukianza na 10,000 na kuongeza asilimia 10 kila mwaka, mwaka wa pili utaweka 11,000 kwa mwezi, wa tatu 12,100, na kuendelea. Kwa ukuaji uleule wa asilimia 8, mwisho wa mwaka wa 10 utakuwa umeweka takriban 1,912,000 na kumiliki takriban 2,740,000 badala ya 1,829,000. Wakati mzuri wa kupandisha ni mwezi ambao kipato chako kimeongezeka, kabla matumizi hayajaizoea nyongeza.

Hatua ya tisa: anza kuondoka kabla ya kuhitaji kuondoka

Kwa kuwa hatari hukua pamoja na akiba, usisubiri mwaka wa lengo ndipo uuze. Kama lengo lako liko mwaka wa 10 na fedha imo kwenye mfuko wa hisa, anza miaka mitatu kabla: hamisha theluthi moja kwenda mfuko wa hatifungani za muda mfupi au wa soko la fedha mwishoni mwa mwaka wa 7, nusu ya iliyobaki mwishoni mwa mwaka wa 8, na salio mwishoni mwa mwaka wa 9. Michango mipya nayo ielekezwe kwenye mfuko wa utulivu tangu mwaka wa 8. Uhamisho ukifanyika kati ya mifuko ya meneja mmoja, uliza kama unatozwa ada na kama mamlaka ya kodi huuhesabu kuwa ni mauzo, kwa maana sheria hutofautiana.

Siku ya kutoa fedha, si lazima uuze vipande vyote. Fomu ya kuuza hukuruhusu kuandika kiasi cha fedha au idadi ya vipande; ukihitaji kiasi kamili, andika kiasi, ukikumbuka kuacha nafasi ya tozo ya kujitoa kama ipo. Hakikisha akaunti ya kupokelea bado iko hai na ina jina lilelile, kisha omba malipo angalau wiki mbili kabla ya tarehe unayoihitaji fedha. Mfuko wa soko la fedha hulipa haraka, mara nyingi ndani ya siku chache za kazi, lakini mfuko wa hisa hulazimika kwanza kuuza na kusubiri malipo ya soko. Vipande vilivyobaki viache vikiendelea, na agizo la kudumu lisisimame mpaka uwe umeamua lengo linalofuata ni la mwaka gani.